Nusu ya Mama

Mwanaume aliyekuwa akilinda kamba alimuuliza Ketrina kama yuko safi.

Ketrina hakuelewa. Alikuwa ametoka Hasamba alfajiri, amepanda magari matatu na bodaboda moja, na vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kwenye kope. Alidhani anaulizwa habari hiyo. Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge.

"Nimetoka safarini, baba," akasema. "Mtanisamehe."

"Sisemi vumbi, mama. Nauliza kama uko safi. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hasogei duarani."

Watu kama thelathini waliokuwa wamesimama pale waligeuka kusikiliza jibu. Ketrina alikuwa na miaka hamsini na sita. Mumewe Amoni, aliyekuwa ubavuni pake na mfuko wa nguo begani, alitazama pembeni. Ketrina akajibu kwa sauti ndogo kwamba mambo hayo yalishampita. Yule mwanaume akamwomba arudie kwa nguvu, wenzake wasikie. Akarudia. Ndipo kamba ikainuliwa, na mama akaruhusiwa kulisogelea shimo lililomfungia mwanawe.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Kwao Hasamba mtu anashinda na sweta, lakini huku upande wa Mkwajuni joto linakupokea mlangoni mwa gari na halikuachi tena. Jana yake asubuhi kifusi kilikuwa kimeshuka ndani ya duara, yaani shimo la wachimba dhahabu wadogo, lililokwenda chini mita arobaini. Vijana wawili walikuwa ndani. Mmoja alikuwa Lusungu, mtoto wa kwanza wa Ketrina na Amoni. Mwingine aliitwa Shadrack, kijana wa Momba.

Mwenye duara, Yesaya, alikuja kuwapokea akiwa na sururu mkononi. Hakuwa bosi wa kukaa kivulini. Alikuwa hajalala tangu jana, macho yake yamekuwa mekundu, na tope lilikuwa limemkaukia mpaka masikioni.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wazima?" Ketrina akauliza. Njia nzima alikuwa na swali hilo moja tu.

"Wazima, mama. Wanagonga."

Ketrina alikaa chini, hapo hapo kwenye changarawe, akalia kwa furaha.

*

Utaratibu ulikuwa hivi. Wachimbaji walichimba kutokea duara la jirani ili wawafikie wale wawili kwa ubavuni, maana kuondoa kifusi kwa juu kungewashushia kingine. Kila baada ya saa moja, Yesaya alizima jenereta, akazima na mashine ya kusukuma hewa, akainua mkono. Watu wote wakanyamaza. Kisha aligonga mara tatu kwenye bomba la chuma lililoshuka shimoni sambamba na mpira wa hewa, na wote wakategea sikio kwa dakika tano.

Saa tisa ilipofika Ketrina alisikia kwa masikio yake. Ngo. Ngo. Ngo. Sauti hafifu, lakini ilikuwa ya mtu.

"Ngoja nimwimbie," akanong'ona, akasimama.

Lisemwe hapa jambo ambalo watu wa machimboni hawakulijua. Katika kanisa lao kule Hasamba, Zaburi hazikuimbwa na watu wote kwa pamoja. Mmoja hutoa nusu ya mstari, ananyamaza. Mwingine anapokea nusu iliyobaki. Wenyewe huimba kwa lugha ya nyumbani, taratibu, na anayetoa haruhusiwi kumalizia hata akiijua nusu ya pili kama jina lake, maana nusu ile si yake. Lusungu alianza kutoa akiwa na miaka kumi na mitano, sauti yake ilipotulia, na anayempokea alikuwa mama yake. Walipokezana hivyo kwa miaka tisa, mpaka kijana alipoondoka kwenda kutafuta maisha machimboni. Na Zaburi waliyoijua kuliko zote ilikuwa ile ya mtu anayemwita Mungu kutoka chini kabisa, anayemngoja kuliko mlinzi anavyongoja kupambazuke.

"Kumwimbia nini?" Yesaya akauliza.

"Zaburi. Akisikia sauti yangu atapata nguvu. Huyu mtoto nimemzaa mimi, namjua."

Wachimbaji wawili waliokuwa wamepanda juu kupumzika walitazamana. Yesaya akaweka sururu chini, akamsogelea Ketrina, akaongea naye chinichini, kwa upole kama mtu anayeongea na mama yake.

"Mama, hiyo Zaburi kwenu inaimbwa wapi?"

Ketrina hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Hata uongo mdogo wa sokoni, wa kusema maharage haya yamevunwa jana, ulikuwa unamshinda.

"Makaburini," akasema.

"Basi, mama. Umemaliza."

"Nitaimba nyingine. Ziko nyingi."

"Hapana. Hapa wimbo wa kanisani hauimbwi juu ya mtu aliye chini. Huo ni mwiko wetu tangu wazee. Ukiimba umeshamzika. Hawa unaowaona," akawaonyesha wenzake kwa kidevu, "wakisikia umeanza tu, wataweka sururu chini waondoke, na mimi sitawalaumu. Tena dakika hizi tano ni za kusikiliza. Nisaidie, mama yangu. Lia ukitaka, lakini usiimbe."

Ketrina alifungua mdomo. Amoni akamshika mkono juu ya kiwiko, akambana.

"Mama Lusungu," akanong'ona, "usituletee balaa. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Wakiondoka hawa, nani atamtoa mtoto?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mwenye sururu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho pale. Ketrina akafunga mdomo. Amoni hakumwachia mkono mpaka jenereta lilipowashwa.

*

Ijumaa alishinda amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu chake cha Zaburi magotini. Alisoma kimya. Kila jenereta lilipozimwa, midomo yake ilianza kucheza yenyewe bila sauti. Mchana akaja Marita, mwanamke aliyekuwa akiwapikia wachimbaji, akiwa na bakuli la uji.

"Kunywa, mama. Hujala tangu jana." Akachuchumaa. "Nimetumwa. Wanasema wanaona midomo yako inacheza. Wanaomba ukae umeligeuzia shimo mgongo."

"Nimpe mgongo mwanangu?"

"Ndivyo walivyosema. Mimi ni mjumbe tu."

Akageuka. Uji ukapoa mikononi mwake, akamrudishia Marita bakuli limejaa. Kuanzia hapo alikaa akitazama vichaka vya miiba na mabanda ya maturubai, na kila kitu alichotaka kukiona kilikuwa nyuma yake.

Amoni naye hakuwa na raha. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa miaka mingi, na vumbi la huku lilimmaliza. Alikuwa na kikohozi kirefu, kikavu, chenye kuvuta mwishoni kama mlango wenye bawaba mbovu. Saa kumi jioni, katikati ya zile dakika tano, kilimkamata akiwa kando ya mdomo wa shimo. Alijiziba kwa kofia, haikusaidia.

"Mzee, unatuharibia!" mmoja akamfokea. "Nenda ukakohoe huko!"

Mwanaume mwenye wajukuu wawili aliondoka akitembea upesi, ameinama, kofia imeziba mdomo, mpaka nyuma ya choo cha maturubai. Wengine walicheka. Siku hiyo bomba halikujibu.

Jumamosi asubuhi Erica, binti yao, alifika kutoka Tunduma. Ana kibanda cha vitenge karibu na mpaka, na kwa kuzoeana na wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, hata akikasirika anaanza na "mukwai", neno lao la heshima. Safari hii hakuanza hivyo. Alimkuta mama yake ameligeuzia shimo mgongo, akaelezwa sababu, akawaka.

"Mama, imba! Ni mtoto wako, si wao. Mwiko gani huo? Wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba Mungu hana mwiko?"

"Wakiondoka utachimba wewe?"

"Hawataondoka."

"Una hakika?"

Erica akalitazama shimo. Hakuwa na hakika. Nani alikuwa nayo?

"Basi kaa," mama yake akasema. "Kaa hapa karibu yangu, tungoje."

Saa kumi na moja walizima jenereta tena. Ketrina alifumba macho. Alijua hewa ilivyotulia pale, alijua sauti yake ingeshuka vizuri kiasi gani. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni kama maji. Alimeza. Amoni, aliyekuwa amesimama mbali siku hiyo, alikuwa akimwangalia yeye, si shimo.

*

Jumapili saa sita mchana waliwafikia.

Shadrack alitoka akiwa hai, amefunikwa macho kwa fulana ili jua lisimuumize. Watu walipiga kelele, wakarusha kofia. Ketrina na Erica walishikana mikono wakisubiri wa pili. Yesaya alipanda wa mwisho. Hakuwa na haja ya kusema neno, maana alivua kofia ya plastiki kabla hajamaliza kutoka shimoni.

"Lini?" Amoni akauliza.

"Leo, mzee. Bado hajakauka." Yesaya alikuwa akilia waziwazi. "Alfajiri, au asubuhi hii. Gogo lilimbana miguu. Nisamehe, mzee. Nisameheni."

Wachimbaji walikaa chini mmoja mmoja, wakavua viatu. Mmoja wao, yuleyule aliyelinda kamba, alimwendea Ketrina akapiga goti.

"Mama," akasema, "sasa unaweza kuimba."

Ketrina alimtazama.

*

Gari la kumpeleka marehemu Hasamba lilichelewa, na wakati wakilisubiri kwenye kituo cha afya, nesi alikuja kusema kwamba yule kijana mwingine anamtaka mama yake Lusungu. Ketrina akaingia na Erica. Shadrack alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imepasuka, lakini macho yalikuwa na uhai. Alitaka kuinuka amwamkie, Erica akamzuia.

"Shikamoo, mama. Mwanao alikuwa jembe," akasema. "Nataka ujue. Mwamba ulikuwa unatoa maji tone moja moja, tunayakinga kwa kofia. Zamu yake ikifika ananipa mimi. Anasema wewe una miguu, utatembea."

"Asante kwa kuniambia, mwanangu."

"Hakuwa na hofu kabisa. Alikuwa anaimba."

Ketrina alivuta kigoda kilichokuwa chini ya kitanda, akakaa. "Alikuwa anaimba nini?"

"Sijui, mama, kile kilugha chenu. Alianza Ijumaa. Unajua, mkizima jenereta tu tulikuwa tunawasikia, sauti inashuka na ule mpira. Mpaka mtu akipiga chafya hapo mdomoni mwa shimo. Sisi ndiyo hatusikiki, makoo yalishakauka, na jiwe la kugongea bomba lilitudondoka gizani. Sasa Ijumaa tukasikia mzee anakohoa. Lusungu akacheka! Akasema, huyo ni baba. Kikohozi hicho hakuna mwingine anacho. Akasema, baba hawezi kuja bila mama. Mama yuko hapo juu." Shadrack alitabasamu, na tone la damu likatoka mdomoni. "Ndiyo akaanza kuimba. Ila alikuwa na mtindo wake. Anaimba kidogo, anakaa kimya. Anaimba kidogo, anakaa kimya. Nikamwambia, kaka, mbona unakatakata? Malizia basi, niufaidi. Akaniambia, hapo si pangu, hapo ni pa mama. Ngoja, ataitikia."

Erica aliweka mkono begani kwa mama yake. Ketrina aliuondoa, si kwa ubaya.

"Akangoja?"

"Akangoja, mama. Mpaka mnawasha jenereta. Mkizima tena, anaanza upya."

"Mpaka lini?"

"Jana jioni sauti ilimwisha. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu. Nasikia vidole vyake vinanigonga hivi, polepole. Vinagonga, vinasimama. Nikajua bado anaimba." Alimtazama Ketrina kwa macho ya mtu aliyeleta zawadi. "Nilisema nikitoka hai lazima nikwambie, mama. Ili moyo wako utulie."

Mtu mwingine angeweza kumpasulia kijana yule ukweli wote palepale. Ketrina alimrekebishia shuka miguuni.

"Umefanya vizuri sana," akasema. "Upone. Mama yako anakusubiri."

Alitoka nje akiwa ameshika ukuta. Mlangoni alimkuta Amoni amesimama na viatu vya Lusungu mkononi. Hakuna aliyehitaji kumuuliza kama amesikia.

*

Jumatatu walimzika. Kwaya ilikuja yote, na Gwakisa, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyetoa nusu ya kwanza ya Zaburi kandoni mwa kaburi. Alitoa, akanyamaza. Macho ya kwaya yakamgeukia Ketrina, kama yalivyozoea kumgeukia kwenye makaburi ya watu wengine. Ketrina alikuwa akitazama udongo. Mwishowe wanawake wa safu ya mbele wakapokea kwa kubahatisha, sauti zikagongana, na wimbo ukakokotwa hivyo hivyo mpaka mwisho.

Majirani walisema ni uchungu tu, utapita. Haukupita. Wiki tatu zilikwisha na Ketrina hakukanyaga mazoezi ya kwaya. Jumapili alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma, mdomo umefungwa. Nyumbani alimpikia Amoni, akamtengea maji ya kuoga, akamjibu alichoulizwa. Zaidi ya hapo hakumsemesha. Amoni alikula akiinamia sahani, na akikohoa alitoka nje, hata mvua ikinyesha.

Hakuacha kusoma, ingawa alisoma kama mtu anayetafuta ugomvi. Kila alfajiri alikaa jikoni na kile kitabu, akaanza ya kwanza, akaenda mbele. Alizikasirikia. Karibu kila mtu humo alilia mwanzo akashukuru mwisho: aliyekuwa mgonjwa akapona, aliyekuwa shimoni akatolewa, mguu wake ukawekwa juu ya jiwe. Ketrina aliisoma hiyo ya jiwe akafunga kitabu, akakitupa juu ya kuni.

Kesho yake alikiokota. Ndipo alipokutana na moja aliyokuwa ameipita maisha yake yote. Mtu huyu naye analia mchana na usiku. Anasema amehesabiwa pamoja na wanaoshuka shimoni. Anamuuliza Mungu kwa nini amemficha uso wake. Ketrina akasubiri mahali pa kushukuru. Akafunua ukurasa, akakuta imekwisha. Ilikuwa imeishia gizani, rafiki zake wote wameondolewa, na baada ya hapo hakuna neno lingine.

Aliirudia mara nne. Kwa mara ya kwanza tangu machimboni alilia bila kujizuia, na moyo wake ulipata mahali pa kukaa. Kumbe kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakujibiwa, na hakuna aliyemfuta kwenye kitabu.

Siku hiyo jioni Gwakisa alikuja kumwona, kofia mkononi. Alikuwa mtu mzima, mwenye maneno mazuri ya kufariji ambayo yalishatumika katika misiba mingi.

"Mama Lusungu, kwaya imepwaya bila wewe. Tunakuombea. Mungu ana makusudi yake, tumshukuru kwa yote."

"Mwalimu, hii mbona hatujawahi kuiimba?" Akamfungulia kitabu.

Gwakisa aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alifunua ukurasa wa pili, kama Ketrina alivyofanya.

"Haina mwisho mzuri, mama."

"Ndiyo."

"Watu wanakuja kanisani wanataka kutiwa moyo."

"Mimi imenitia," Ketrina akasema.

Gwakisa alikifunga kitabu. Akamrudishia kwa mikono miwili, akaaga.

*

Ilikuwa siku moja ya wiki ya nne, asubuhi yenye ukungu. Ketrina na Amoni walikuwa barazani wakichambua kahawa, kila mtu na ungo wake, wakitoa mbegu mbovu. Amoni alifanya kazi kwa muda, kisha mikono yake ikasimama.

"Mama Lusungu."

"Abee."

"Nilikushika mkono."

Ketrina aliendelea kuchambua. "Ulinishika."

"Nilikwambia usituletee balaa."

"Ulisema."

"Mtoto alisikia kikohozi changu." Sauti ilimkatika. "Alinisikia mimi. Mimi nisiyejua hata kuimba. Wewe aliyekuwa anakutaka, nikakuziba mdomo. Nikilala naliona hilo. Nikiamka naliona. Sijui nilifanyeje jambo hili, mke wangu."

Alikuwa hajawahi kumwita mke wangu tangu watoto wazaliwe. Ketrina aliweka ungo chini.

"Wale watu wangeondoka kweli," akasema.

"Pengine."

"Pengine wasingeondoka."

"Pengine."

"Hatutajua, Baba Lusungu. Mpaka tunakufa hatutajua. Wewe ulinishika, na mimi nilikubali. Mdomo ulikuwa wangu." Alisema hivyo bila hasira, na bila msamaha pia, maana msamaha ulikuwa bado haujamfikia na hakutaka kumpa mumewe kitu asichokuwa nacho. "Nakukasirikia. Nimekukasirikia mpaka nimechoka."

"Una haki."

Amoni aliinuka, akaingia ndani. Ketrina alidhani amekwenda kukohoa. Alirudi na kitabu cha Zaburi, akakaa kwenye kigoda, akakifungua, akakipeleka mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani. Alitafuta kwa muda mrefu, akilowesha kidole, akipita kurasa na kurudi. Ketrina alijua anatafuta ipi: ile ya Lusungu.

"Usifanye hivyo," akamwambia.

Amoni hakusikia, au alisikia akaogopa kuacha. Alikohoa kidogo, akaanza kutoa nusu ya kwanza. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa mtu wa kukaa benchi la wanaume na kuimba ndani ya tumbo. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, akaanza juu mno, akashuka mahali pa kupanda, akavuta neno ambalo Lusungu alikuwa akilikata. Ilikuwa mbaya kiasi kwamba siku nyingine yoyote Ketrina angecheka mpaka akashika mbavu.

Alipofika mwisho wa nusu yake, Amoni alinyamaza.

Hakumtazama mkewe. Aliukazia macho ukurasa, akangoja. Ketrina alimwona akingoja. Aliona kidole chake gumba kikigonga jalada polepole, na akajua kwamba mtu huyu angekaa hapo mpaka jioni bila kuimalizia, kwa sababu hapo hapakuwa pake.

Akatoa sauti. Mwanzoni haikutoka, alikuwa ameifunga muda mrefu mno. Akapumua, akaanza tena.

Amoni alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwake. Lakini Ketrina aliimba nusu yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yakiingia mdomoni, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye chini sana.